Chini ya Namba Kumi na Moja

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mkaza mjomba, na kwamba karakana bado inanuka gundi kama nilivyoiacha. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepungua uvimbe, lakini ukimwuliza habari zake anachechemea mara mbili zaidi ili asitumwe dukani. Mimi bado niko kwenye duka la fotokopi. Natoa nakala za vyeti vya watu kutwa nzima, mpaka wateja wengine nawajua kwa tarehe ya kuzaliwa kabla sijawajua kwa sura.

Nilikupigia simu mara nne mwezi uliopita. Mara zote alipokea mkaza mjomba akasema uko karakana na mikono imejaa gundi. Basi nimeona nikuandikie, maana gundi haimzuii mtu kusoma.

Nina ombi. Unajua kwamba nikitoka kazini natengeneza muziki chumbani kwangu. Sina ngoma wala gitaa. Nina kompyuta ya mtumba, kinanda kidogo cha kuchomeka, na spika mbili ambazo jirani wa ukutani anazichukia. Ninachofanya ni kunasa sauti ya kitu chochote, mlango, kijiko, viatu vya mtu anayeshuka ngazi, kisha naikatakata kwenye kompyuta. Nainyoosha, naigeuza nyuma mbele, naishusha, naipandisha, mpaka kijiko chenyewe kikijisikia hakijitambui. Kipande kama hicho tunakiita sampuli.

Kuna mtangazaji wa redio ana kipindi cha nyimbo zilizotengenezwa nyumbani. Nataka nimpelekee wimbo ambao kila kitu ndani yake kimetoka karakanani kwako. Nimelala juu ya maranda yako utoto wangu wote. Hakuna sauti ninazozijua vizuri kuliko hizo.

Ndani ya bahasha kuna kinasa sauti. Bonyeza kitufe chekundu, kitalia "pii", taa itawaka, basi kimeanza. Kiweke mbali na feni. Na tafadhali, mjomba, usiongee kikiwa kinanasa.

Mpwa wako,
Chiriku

*

1 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika na kidude chake kimefika. Mwambie dada yangu namjua tangu tuko wadogo. Goti hilo lilikuwa linamuuma kila tulipotumwa maji.

Hapa hatujambo. Mkaza mjomba wako alizoea kuniambia nina mkono wa birika, basi nikamnunulia birika lenyewe, lile linalopiga filimbi maji yakichemka. Limeungua. Nikanunua la pili. Ananilaumu mimi, eti nilikuwa karibu. Nimemwambia birika ni la jikoni na mimi ni wa karakana, hata kama ukuta wetu ni mmoja.

Kuhusu simu, mimi sina ugomvi nayo, ila ni chombo cha watu wenye haraka. Neno likishapita huwezi kulirudisha. Barua usipoielewa unaisoma tena. Kwa hiyo wewe niandikie. Tena mwandiko wako umetulia, tofauti na huo mdomo ulionifanya nikupe jina la ndege.

Kazi yako nimeifanya. Ni sauti tisa: randa ya mkono kwenye mbao laini, randa kwenye mbao ngumu, patasi na nyundo, msumeno wa mkono, msasa, mashine ya kuranda, nikipaka gundi, maranda yakifagiwa, na jiriwa likikaza ubao. Najua ulisema nisiongee, lakini utajuaje ipi ni ipi? Nimezitaja kwa kifupi.

Kitu kimoja. Kidude chako ni kibovu. Ulisema kitalia "pii". Hakilii. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Lakini taa iliwaka, nikaendelea.

Nimepata kazi ya fremu arobaini za madirisha ya shule, nazo zinatakiwa mwisho wa Juni. Yule kijana niliyekuwa naye ameenda kujitegemea, kwa hiyo tumebaki mimi na mashine, na mashine ndiyo inayonibeba.

Mjomba wako

*

24 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Asante, asante tena. Mama amesikia ulivyosema kuhusu goti akanuna siku nzima, halafu akasahau akapanda kwenye kiti kufuta kabati.

Kwanza nikuambie nilivyocheka. "Kwa kifupi" gani huko? Umepiga kelele HII NI RANDA mpaka kikombe changu kikatikisika mezani. Kipande hicho nimekitunza. Siku moja nitakitia kwenye wimbo na utalipwa kwa heshima tu.

Sasa sikia yaliyowapata watoto wako, yaani hizo sauti tisa. Patasi nimeikata nikabakiza ule mwanzo tu, pale chuma kinapoingia kwenye mti, nikaushusha, ukawa ngoma kubwa. Msasa nimeupanga ukawa kama kayamba. Randa ya mbao laini nimeinyoosha mara kumi. Sasa inapumua, kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Jiriwa ukiligeuza nyuma mbele linasikitisha kabisa, sijui kwa nini.

Na kwenye ile ya kupaka gundi kuna zawadi hukuitaja. Nyuma yako, ukutani, birika linapiga filimbi. Dakika nne nzima! Hakuna anayeliondoa. Nimekata sekunde moja ya filimbi hiyo nikaiweka kwenye kinanda, kila kitufe kinailiza kwa kimo chake, nimepata zumari ambalo dukani halipo. Mwambie mkaza mjomba asikununie tena kwa sababu ya birika, limepata kazi.

Kinasa sauti ni kizima, mjomba. "Pii" ipo mwanzoni mwa kila sauti, zote tisa. Labda feni ilikuzuia kusikia.

Halafu kuna jambo la mashine ya kuranda. Ndani ya mngurumo wake kuna mlio mwembamba wa juu, kama chuma kinachosagana. Nilitaka kujua ni nini, nikaipunguza mwendo mara thelathini. Ukiipunguza hivyo kila kitu kinashuka chini na kuachana, kama uzi uliofumuliwa. Nikasikia kitu kinagonga, kila mzunguko mara moja. Mimi si fundi, lakini nilikaa pale miaka mingi na zamani haikuwa na kugonga huko. Je, beringi zimeangaliwa lini? Na visu?

Mpwa wako,
Chiriku

*

2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Tumepokea. Hatujambo.

Mashine hiyo nimekuwa nayo miaka ishirini na tisa. Naijua kuliko ninavyojijua. Kama ingekuwa na mlio ningeusikia mimi niliyesimama mbele yake, si wewe uliyeko huko unayeisikia ndani ya kompyuta. Umesema mwenyewe kwamba unazivuta na kuzigeuza sauti mpaka hazijitambui. Basi huko kugonga umekutengeneza wewe.

Nilikupa sauti uimbie. Sikukuomba ukaguzi.

Nina fremu kumi na nane tayari na ishirini na mbili mbele yangu. Naomba usiniulize tena habari za masikio yangu.

Msalimie mama yako.

Mjomba

*

12 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, duka lipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mjomba, sikukuuliza habari za masikio. Niliuliza habari za beringi.

Neno hilo umeliandika wewe. Nilipoliona ndipo nikakaa kitako nikayapanga yote: "pii" ambayo hukuisikia mara tisa, birika dakika nne, simu ambayo siku zote ina gundi, na HII NI RANDA. Sikuwa nakutega. Nilikuwa naandika habari za muziki na kucheka peke yangu kama mjinga, na sasa nina hofu mpaka nashindwa kula.

Hutaki niyataje, sitayataja zaidi ya hapa. Lakini mashine siiachi. Ninavyojua mimi, visu vya mashine ile vinazunguka usawa wa tumbo lako, na wewe unasimama hapo hapo ukisukuma ubao.

Nimekuwekea flashi. Ile redio yako ya karakanani ina tundu lake pembeni. Kuna vipande vinne. Cha kwanza ni mashine kama ulivyoinasa mwenyewe, sijaigusa. Cha pili ni hiyo hiyo niliyoipunguza mwendo, hakuna nilichoongeza, naapa. Cha tatu ni birika kama lilivyo. Cha nne ni birika nililolishusha chini kabisa. Sikiliza kimoja kimoja, na usiwashe mashine kabla hujasikiliza. Nakuomba kama mtoto wako.

Mama sijamwambia. Mkaza mjomba sijamwambia. Lakini Mei ikiisha bila jibu lako, siku inayofuata nampigia mkaza mjomba simu na kumweleza yote, ukasirike usikasirike.

Mpwa wako anayekupenda,
Chiriku

*

3 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Simu yako haikuja, kwa kuwa mkaza mjomba wako amekuwahi kwa kukupigia yeye. Ameniambia hakukueleza sana, alitaka nieleze mwenyewe kwa mkono wangu. Basi kaa, barua hii ni ndefu.

Flashi ilifika. Nikaitia kwenye kopo la skrubu nikaendelea na kazi. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nafanya kazi ya watu wawili; nilimaliza fremu saba wiki ile. Zote kwa mashine. Nakuambia ukweli ili ujue una mjomba wa namna gani.

Ilipofika tarehe thelathini na moja nikaona heri niisikilize mimi kuliko wewe kumwambia mke wangu. Sikuogopa mashine, nilimwogopa yeye. Baada ya chakula cha mchana nikachomeka flashi, nikakaa kwenye kigoda.

Kipande cha kwanza kilikuwa mashine yangu. Mngurumo ule ule, mzuri, hauna kasoro. Nikasema, unaona? Cha pili kikaanza. Nikasikia mtu anagonga mlango. Nikainuka nikaenda kufungua. Hakukuwa na mtu. Nikachungulia huku na huku barabarani, nikarudisha kichwa ndani, na bado anagonga. Ngo, ngo, ngo, ndani ya redio.

Nilisimama pale na kitasa mkononi, mpwa wangu, sijui muda gani.

Kipande hakikuisha upesi, nikakiacha kigonge mpaka mwisho. Halafu kikaja cha tatu, nikaona hakina kitu. Kimya. Nikafikiri umesahau kukijaza. Nimekaa namna hiyo nikitazama redio, mkaza mjomba wako akaingia mbio na kitambaa cha jikoni mkononi. Nikaona midomo yake inakwenda. Nikamwambia njoo mbele, sema taratibu.

Akaja mbele. Akasema, "Birika linalia humu ndani, na wewe umekaa unalitazama?"

Nikamwuliza, "Birika gani?"

Akanitazama. Akatazama redio. Kikaingia cha nne, lile birika ulilolishusha. Hilo nililisikia. Ni sauti nene, inatulia, kama mtu anayeita kutoka mbali bila ugomvi. Nikamwambia, "Hili ndilo birika letu?" Akasema, "Tangu lini?" Nikajitia kutoelewa, akarudia, "Tangu lini husikii?"

Nikasema miaka miwili hivi. Labda na zaidi.

Mkaza mjomba wako akakaa juu ya fremu ambayo gundi yake haijakauka. Akasema, "Miaka miwili nakuita ule, unajitia hamnazo. Nakuuliza jambo unanipa kisogo. Nilidhani umenichoka." Nilimwambia hapana. Nikalia, na yeye akalia, halafu akataka kuinuka na gauni likagoma, ikabidi nilikate kwa patasi.

Siku hiyo hiyo nikaifungua mashine. Beringi moja imekula upande, gololi zake mbili zimesagika kabisa. Na kwa kutikisika huko, kisu kimoja kati ya vitatu kimelegea kwenye kiti chake. Nilikishika kwa vidole viwili kikacheza. Kilichobaki ni kuruka tu.

Simu yako nikiishika nasikia upepo. Sauti za wanaume nazipata kidogo, za wanawake zinapotea, na yako ndiyo inayopotea kwanza, kwa jinsi ilivyo nyembamba. Ndiyo sababu nilitaka barua. Kwenye barua nakusikia wewe mzima mzima.

Mama yako usimwambie bado.

Mjomba wako

*

28 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na umpe shikamoo ya pili mkaza mjomba na pole ya gauni.

Barua yako niliisomea kazini. Nilipofika pale kwenye kisu nikaacha kidole kwenye kitufe, na mzee mmoja aliyetaka nakala moja ya cheti cha ndoa akapata kumi na nne. Akaniuliza kama namtakia wake wengine. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Mjomba, ningekupoteza. Naliandika mara moja hili na kuliacha.

Nenda hospitali ya masikio. Na ununue vifuniko vya masikio kwa ajili ya mashine, vile vikubwa kama vikombe, maana kilichobaki hakitakiwi kuliwa tena.

Halafu nisaidie kitu. Kwenye flashi hii kuna milio ishirini. Wa kwanza ni mnene, kila unaofuata ni mwembamba kuliko uliotangulia. Kabla ya kila mmoja nimetaja namba yake. Sauti yangu nimeishusha ikawa ya dume, usishtuke. Niandikie ni namba gani ambayo baada yake unabaki unasikia namba tu, bila mlio. Usijikaze na usibahatishe. Nataka namba ya kweli.

Yule mtangazaji nimempelekea wimbo ambao haujakamilika. Ameupenda, lakini anasema una giza. Anataka vitu vinavyometa: kengele, matoazi, na sauti yangu juu kabisa. Akasema nikiviongeza atautia kwenye kipindi cha Septemba. Nimemwambia nitafikiri.

Mama hajui. Ila ameanza kuniuliza kwa nini barua zinapishana hivi, kama watu wanaoposana.

Chiriku wako

*

9 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Mwambie mama yako. Nimechoka kuhesabu nani anajua na nani hajui.

Namba yako ni kumi na moja. Kumi na moja naisikia kama inatoka nyuma ya ukuta. Kumi na mbili unaitaja wewe kwa sauti hiyo ya dume, halafu kimya. Mke wangu alizisikia zote ishirini, kila moja akinyoosha kidole. Nilimwangalia anavyonyoosha kidole kwenye kimya changu, kumi na mbili, kumi na tatu, mpaka mwisho. Sikujua vimebaki vingi kiasi hicho upande ule.

Hospitali nimekwenda. Daktari alinitazama masikio kisha akanitazama mikono, akaniuliza mashine, miaka mingapi? Anasema vilivyokwenda havirudi. Kuna vifaa vya kuvaa nyuma ya sikio, nimeandikishwa, foleni yake inafika mwakani. Vifuniko vya vikombe nimenunua. Mkaza mjomba wako anasema nafanana na rubani aliyefukuzwa kazi.

Fremu zilichelewa siku tisa, kwa kuwa nilingoja beringi. Mwalimu mkuu alinuna, nikamwonyesha kile kisu, akaacha kununa.

Sasa nikuambie kwa nini nilificha, maana hukuniuliza na najua unataka kujua. Fundi aliyenifundisha kazi alikuja kuwa kiziwi. Wateja walikuwa wanasimama mbele yake wanamtukana huku wakitabasamu, naye anaitikia kwa kichwa, anasema asante, akidhani anasifiwa. Karakana nzima inakufa kwa kicheko. Na mimi nilikuwa nacheka, Chiriku. Nilikuwa nacheka kuliko wote. Tangu masikio yalipoanza kunitoka, kila mteja anayetabasamu, najiona mimi ndani yake.

Basi wiki iliyopita nimechonga kibao nikakipigilia mlangoni: FUNDI HASIKII VIZURI. SIMAMA MBELE YAKE, SEMA TARATIBU. Mtu wa kwanza kukisoma aligeuza njia akaondoka, nikajua yamekwisha. Alirudi baada ya saa moja na vipimo vyake ameviandika kwenye karatasi. Kabati la milango miwili. Wengine wawili sijawaona tena. Kijana mmoja alinipigia kelele masikioni mpaka nikamwambia taratibu, bwana, si hivyo.

Mkaza mjomba wako akinihitaji sasa ananitupia kipande cha ubao. Ana shabaha mbaya.

Mjomba wako

*

14 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama nimemwambia. Akasema, "Kumbe ndiyo maana harusini alimjibu shangazi mambo ya mbao alipoulizwa hali ya afya." Halafu akaingia chumbani akakaa huko. Atakuja kwenu mwezi ujao, goti au si goti.

Wimbo umekwisha. Uko kwenye flashi hii.

Nikueleze nilivyoutengeneza. Nilichukua namba yako nikaichora kwenye kompyuta kama mstari, na kila kitu nilichokuwa nacho nikakipitisha chini yake. Patasi ilikuwa inapita tayari. Msasa wote ulikuwa juu yake, nikaushusha mpaka ukawa kama mvua juu ya bati, lakini inayosikika kutoka ndani ya nyumba. Msumeno ulikataa, kila nilipoushusha ulikoroma, mwishowe nikauacha ukorome. Birika ndilo linalobeba wimbo wenyewe, nalipiga kwa kinanda. Ile sauti ya mashine inayogonga nayo ipo, nimeifanya iende na ngoma. Nilitaka kuitoa, nikaona hapana, huyo ndiye aliyebisha hodi.

Ugumu ulikuwa sauti yangu. Kuishusha kwa kompyuta nilijaribu, nikasikia jitu. Basi nikaimba upya mwenyewe, chini, taratibu, kwa kifua badala ya koo. Ilinichukua wiki tatu kujifunza. Nilidhani sina sauti ya namna hiyo.

Mtangazaji amekataa. Anasema umefunikwa, kama redio iliyowekwa ndani ya kabati, na kwamba hakuna msikilizaji atakayevumilia. Kwa masikio yake yuko sahihi, hata mimi nasikia kinachokosekana juu. Nilitaka kulia kidogo, nikalia kidogo, nikafunga bahasha.

Sikiliza ukiwa umekaa. Sijakuwekea kitu ambacho hutakisikia. Hakuna hata kimoja.

Chiriku wako

*

5 Oktoba

Chiriku,

Marahaba. Mama yako amefika salama na mizigo saba. Goti amelisahau huko huko.

Wimbo nimeusikiliza. Nilikaa kama ulivyosema, mke wangu upande huu, dada yangu upande ule. Nilikuwa nimeshazoea kwamba muziki una matundu. Naona mpiga gitaa anahangaika na kidole, kumbe hapo pana kitu. Safari hii niliuangalia uso wa mke wangu, kila mahali alipotikisa kichwa, na mimi nilikuwa nimesikia. Nilimwuliza mwishoni, "Kuna kitu kimenipita?" Akasema hakuna. Nikamwambia arudie tangu mwanzo. Tumeurudia mara tano. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya dada yangu.

Huyo mtangazaji mtengenezee wake, utie kengele na matoazi mpaka aridhike, aupige hewani watu wakujue. Nisikie umemnyima, tutagombana. Huu niachie mimi.

Vifaa vya masikio bado. Lakini sitangoja. Jumapili saa nne asubuhi nipigie simu. Nimewaambia hawa wanawake wawili wasiiguse, nitapokea mwenyewe. Ongea kwa sauti ile ya kwenye wimbo, taratibu. Nikikosa kusikia, nitakwambia sijasikia.

Mjomba wako